Mgongo wa Picha



Nyumbani kwa bibi yangu, Ngamiani mjini Tanga, juu ya kabati la vyombo kuna kopo la biskuti lililoshika kutu kwenye kifuniko. Biskuti zake zililiwa kabla mimi sijazaliwa. Ndani mna picha, nyingi nyeusi na nyeupe, baadhi zikiwa na kingo za mawimbi kama ulivyokuwa mtindo wa studio za wakati ule. Chukua moja uigeuze. Nyuma utakuta mwandiko wa mkono, wino wa buluu uliofifia: kwa dada yangu mpenzi, nikumbuke daima, Independence Avenue, Dar es Salaam, 1966. Hapo umeshajua nani kampa nani, wapi, na lini. Hata jina la barabara lina habari yake, maana leo barabara hiyo inaitwa Samora, na kijana wa sasa ukimtajia Independence hajui unamwelekeza wapi.

Mwaka juzi tulifiwa na mama mkubwa. Siku ya pili ya msiba watoto wake walioko Muscat wakapiga simu: tunaomba mtutumie picha za mama, zozote mlizo nazo. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa ukoo mzima unanijua kwa kutembea na kamera. Nikakaa mbele ya kompyuta baada ya isha. Mlikuwa na picha zaidi ya 31,000. Mafolda yanaitwa "Picha mpya", "Picha mpya 2", "Za simu ya zamani", "Usifute". Nikafungua moja baada ya jingine mpaka nikasikia adhana ya alfajiri, na nilichopata ni picha 4, mojawapo kainama anachambua mchele, uso hauonekani. Asubuhi bibi akateremsha kopo lake, akavaa miwani, akawa anazigeuza picha zake taratibu, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaweka 11 mezani.

Jambo lile halijanitoka mpaka leo. Picha za mama mkubwa zilikuwamo kwenye kompyuta yangu, nina hakika, tena kwa mamia. Kilichokosekana ni mgongo.

Basi jioni ya leo naomba tuzungumze juu ya mgongo huo, kwa sababu picha ya kidijitali inao, ila wengi wetu hatujawahi kuigeuza tukauona.

Faili linalotoka kwenye kamera au simu halibebi picha peke yake. Kamera huandika maelezo humo humo, kwa utaratibu unaoitwa Exif, ambao ulitolewa Japani na jumuiya ya viwanda vya elektroniki mwaka 1995. Utakuta tarehe na saa, aina ya kamera, kama taa yake iliwaka au haikuwaka, na kwa simu iliyoruhusiwa kujua ilipo, hata vipimo vya ramani vya pale uliposimama. Hayo kamera huyaandika yenyewe. Yale ambayo kamera haiwezi kuyajua, yaani huyu ni nani na kwa nini machozi yanamtoka, nayo yametengewa nafasi. Waliozianzisha nafasi hizo ni watu wa habari: baraza la kimataifa liitwalo IPTC, lililoundwa mwaka 1965, ndilo lililopanga visanduku vya maelezo, jina la mpigaji, mji, mwenye haki, ili picha ikifika kwenye chumba cha habari ng'ambo isifike bubu. Mwaka 2001 kampuni ya Adobe ikaleta utaratibu mwingine, XMP, wenye nafasi pana zaidi, na programu nyingi za leo zinaufuata. Sitawachosha na herufi. Lililo muhimu ni kwamba maneno unaweza kuyaandika ndani ya faili lenyewe, likahama kompyuta, likahama mji, nayo yakahama nalo.

Kalamu ya kuandikia mgongo huo ndiyo programu ya kupanga picha. Wengi tunazo, lakini tunazitumia kutazamia tu: picha hii, inayofuata, inayofuata tena. Ni sawa na kununua cherehani ukaifanya meza ya kuwekea redio.

Ninayoitumia mimi ni digiKam. Haiuzwi; ni programu huria iliyoanza mwaka 2001, unaipakua bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Niliipendea kwamba ukishaiweka haihitaji bando, picha zinabaki kwenye diski yako nyumbani. Nikaipendea zaidi kwamba inaandika ndani ya faili. Wapo wanaofanya kazi na Lightroom, na kwa kazi za studio ni programu nzuri sana, ila ina ada yake. Wapo wanaotosheka na Google Photos, ambayo kwa kutafuta ina uwezo mkubwa, ingawa tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure. Sikulazimishi yoyote. Lakini utakayoishika, iulize swali hili kwanza: maneno nitakayoandika, unayaweka wapi?

Swali hilo ndilo linalopita maswali mengine yote. Kila programu ya namna hii ina daftari lake la ndani, hifadhidata, ambamo inaandika kwamba picha fulani ni ya harusi na fulani ni ya shambani. Daftari hilo linaharakisha kutafuta, na hilo ni jema. Ila daftari ni kitu kimoja na picha ni kitu kingine. Wanaoikumbuka Picasa watanielewa. Ilipendwa, ilikuwa nyepesi, kompyuta kuukuu iliimudu. Mwaka 2016 Google wakaacha kuihudumia. Picha zilibaki kwenye diski za wenyewe, lakini albamu zilizokuwa kwenye kumbukumbu za Picasa peke yake hazikuingia kwenye mafaili, na mtu aliyehamia programu nyingine akajikuta ana picha zile zile, kazi yake ya miaka haionekani. Hata Google Photos, ukiomba upewe picha zako zote, maelezo uliyoandika yanakuja kwenye faili dogo la pembeni, kando ya picha.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hujaandika hata lebo moja, fungua mipangilio ya digiKam, ingia sehemu ya metadata, yaani hayo maelezo ya ndani ya faili. Utaona orodha ya visanduku: lebo ziandikwe kwenye faili, maelezo yaandikwe, nyota, nyuso, tarehe. Hakikisha vina alama. Mwenye Lightroom naye ana mpangilio wake wa kuandika mabadiliko kwenye XMP, autafute, auwashe. Ni kazi ya dakika mbili, nami nimeshakutana na wapiga picha wa miaka 10 kazini ambao hawajawahi kuifanya.

Baada ya hapo tuje kwenye saa, maana hapa sisi Waswahili tuna mtihani wetu peke yetu. Kamera inahesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu kukucha. Niliwahi kukabidhiwa picha za harusi iliyopigwa na vijana wawili, kila mmoja na kamera yake. Mmoja aliirekebisha saa ya kamera alasiri, saa 9 kwa hesabu yetu, akaandika 09:00 pale palipotakiwa 15:00. Nikaziweka picha zote pamoja, nikaiambia programu izipange kwa wakati. Bi harusi akaingia ukumbini bwana harusi hajaozeshwa. Keki ikakatwa, halafu ndipo masheikh wanaonekana wanakaa chini na daftari la ndoa.

Zamani ningezihamisha moja moja kwa mkono, siku nzima. Nilichofanya ni kuzichuja picha kwa aina ya kamera, zikabaki za yule kijana tu. Nikazichagua zote, nikafungua chombo cha kurekebisha tarehe na saa, nikaandika: ongeza saa 6. Picha mia nane na zaidi zikasogea kwa mpigo, na ndoa ikafungwa kabla ya keki. Tangu hapo nikienda kwenye shughuli na mwenzangu, kabla hatujaanza tunapiga wote wawili picha ya saa moja ya ukutani. Kamera zikipishana, tofauti iko pale pale mbele ya macho, huna haja ya kukisia.

Picha zilizoskaniwa zina tatizo lao. Nilipoziskani zile za kopo la bibi, programu ilizipanga zote ndani ya wiki moja ya mwaka juzi, babu yangu kijana wa miaka 20 na ushei akawa jirani na picha za simu za vitukuu vyake. Kompyuta haina kosa, imesoma siku niliyoskani. Nikairudisha kila moja kwenye mwaka wake. Ambayo mwaka wake nilikisia, niliiwekea tarehe 1 Januari ya mwaka huo, na pembeni nikaibandika lebo "tarehe ya kukadiria", ili atakayekuja baada yangu asidhani watu walipiga picha siku ya mwaka mpya. Halafu niliskani na migongo yake, kwa nukta 600 kwa inchi kama nilivyoskani mbele, na digiKam inaruhusu kuziunganisha mbili zikawa kundi moja: uso juu, mwandiko wa bibi chini yake.

Sasa lebo zenyewe. Hapa ndipo watu wanapoanza kwa nguvu na kuishia njiani. Anayeanza huiwekea picha moja lebo 20: anga, mawingu, mti, tabasamu, buluu. Wiki ya pili amechoka, na hazigusi tena. Anga na mti kompyuta zinajifunza kuzitambua bila msaada wako. Kompyuta haitakuja kujua kwamba mwanamke huyu mwenye ushungi ndiye aliyewalea watoto wa nduguye watano baada ya mama yao kufariki. Hilo unalijua wewe, na pengine wewe peke yako. Mimi naandika nani, wapi, shughuli gani. Panapokuwa na hadithi, naiandika kwenye maelezo kwa sentensi nzima, kama ninavyozungumza.

Na tahajia iwe moja. Kwenye kompyuta yangu mlikuwa na "harusi", mlikuwa na "arusi", na kwa picha nilizopewa na wengine mlikuwa na "wedding". Ukitafuta harusi, zile za arusi hazitokei ng'o. Hitima na hitma, vivyo hivyo. Mtu hakosei kusema lolote kati ya hayo, lakini programu inayaona ni mambo mawili yasiyojuana. Chagua moja, liandike kwenye karatasi, libandike karibu na kompyuta, na aliye nyumbani akisaidia kazi alifuate. Lebo mbili zikishaingia unaweza kuziunganisha. Lakini ni kazi mara mbili.

Majina ya watu yanataka uangalifu zaidi. Kwetu mtu mmoja ana jina la kitambulisho, ana jina la mwanawe wa kwanza, ana jina alilopewa na mtaa, na shangazi zake wanamwita kwa jina la marehemu aliyemrithi. Ukiandika lile la mtaani peke yake, baada ya miaka 40 mjukuu atamtafuta nani? Mimi kwenye lebo naweka jina lake, la baba na la babu. Mengine yote nayaandika kwenye maelezo, kwa sababu kutafuta kunayasoma na hayo.

Hivi ndivyo nilivyofika kwa bibi na kompyuta mapajani.

digiKam ina uwezo wa kutafuta nyuso. Mara ya kwanza inaomba ipakue mafaili yake ya utambuzi, nayo ni mazito, kwa hiyo tafuta pahala penye mtandao mzuri. Baada ya hapo kazi inafanyika kwenye kompyuta yako, nyuso za watu wako haziendi kokote. Inapita picha zote, inakata kila uso, inakuwekea wasiojulikana upande mmoja. Ukimtaja mtu mara chache inaanza kukukisia wengine: huyu naye si yeye? Wewe unakubali au unakataa. Iliniletea nyuso maelfu. Wa rika langu niliwataja wote kwa jioni tatu. Wa kwenye kopo sikuwajua.

Nikampa shikamoo, nikaketi naye mkekani, nikaukuza uso mmoja mpaka ukajaa kioo. Bibi akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu dada yako, bibi?" nikamuuliza, maana programu ndivyo ilivyokisia, na hata mimi niliona hivyo.

"Si dada yangu, mjukuu wangu. Huyu binti wa mama mdogo. Tulikuwa tunafanana watu wakituchanganya. Dada yangu ana kovu hapa." Akagusa nyusi yake ya kushoto.

Nikalikataa kisio la programu, nikaandika jina alilonitajia. Katika kisanduku cha maelezo nikaandika na kovu.

Picha iliyofuata haikuwa na mwaka, si mbele si nyuma. Wanawake watatu wamesimama kando ya mwembe, wamevaa kanga. Nikadhani hapo tumekwama. Bibi hakutazama nyuso hata kidogo, alitazama nguo. "Kanga hii," akasema, "babu yako aliniletea siku ya arubaini ya mama yako. Ilichanika mwaka ule ule, ilinasa kwenye mchongoma." Siku ya kuzaliwa kwa mama ninaijua. Basi picha ikapata mwaka wake, na ushahidi wa mwaka nikauandika pale pale kwa maneno ya bibi, mchongoma na yote, asije mtu baadaye akauliza tumeupata wapi.

Tulikwenda hivyo kwa wiki tatu, saa moja kila alasiri, kwa sababu macho yake yanachoka. Bibi ana miaka 86. Naomba hapa niseme bila kuzunguka: katika kazi zote za kupanga picha, hii ndiyo isiyosubiri. Kufuta picha zilizojirudia utafanya mwakani, programu inazitafuta yenyewe na kukuonyesha. Kutoa nyota kwa picha nzuri utafanya ukipata nafasi. Kubadilisha majina ya mafaili nako, ingawa kuna sababu yake, maana kamera nyingi zinahesabu mpaka 9999 zikarudi 0001, na ukiwa na kamera moja muda mrefu utakuwa na picha mbili zenye jina lile lile. Programu itaziita zote kwa tarehe na saa zake kwa amri moja. Yote hayo yanasubiri. Wazee hawasubiri.

Kuna hili la kutuma. Picha ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na maelezo yake ya ndani yanaondolewa. Ina faida yake, kwa maana hutaki kila mtu ajue ramani ya nyumba yako, na kwa picha za watoto unazoweka hadharani ni vyema kuhakikisha mahali pameondolewa. Lakini kwa ndugu unayemrithisha picha ya ukoo, itume kama hati, kwenye ile alama ya kuambatisha, ifike nzima na mgongo wake. Hivyo ndivyo nilivyowatumia wa Muscat, safari hii picha 214 za mama yao, kila moja na mahali na mwaka. Mwanawe wa kike alinipigia akasoma maelezo kwa sauti, akinyamaza kila baada ya picha chache.

Na nakala. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani aliyeandika sana juu ya kutunza picha, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Korogwe, diski ndogo ndani ya mfuko wa nailoni, kabatini kwake. Tunabadilishana kila Idi.

Kwenye orodha ya wasiojulikana wamebaki wachache. Mmoja nimemzoea sasa: mwanamume mrefu mwenye kanzu na koti, yuko kwenye picha 6, kila mara nyuma ya bega la babu, mara moja mbele ya ghala la mkonge. Programu imezikusanya nyuso zake zote sita mahali pamoja, ikabaki inauliza. Bibi alimtazama muda mrefu. "Huyu wa Pangani. Alikula kwetu mara nyingi, alikuwa hapendi pilipili. Jina limenitoka, mjukuu wangu. Kaka yangu anamjua, walikuwa kambi moja."

Kaka yake bibi yuko hai, anakaa Pangani, amepita miaka 90, na wanasema asubuhi ndipo kumbukumbu zake zinapokuwa nzuri. Picha zile 6 nimeshazihamishia kwenye kompyuta ya mkononi na betri nimeijaza. Jumamosi, inshallah, napanda basi la kwanza.